Sanduku Namba Tatu

Akheri, shuleni
Jumamosi, 12 Aprili

Mdogo wangu Elinipa,

Hujambo? Wazima huko Sakina? Sisi ni wazima wa kusimama. Mama hajambo. Presha yake imepanda kidogo lakini anakula, na jana aligombana na mpishi kwa sababu ya chumvi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mnara wa simu uliondoka na maporomoko ya udongo Jumatatu ileile daraja lilipoondoka. Barua anakuletea Lomayani, muuza maziwa. Wanaume wamefunga kamba kuvuka korongo, na ni yeye peke yake anayevuka bila kusali kwanza.

Hali ni hii. Tuko watu mia tatu na arobaini ndani ya madarasa saba. Tumezika kumi na tisa. Wengine sita tunajua wako wapi, wako chini ya migomba ya kina Naftali, lakini mvua haijaturuhusu kuchimba. Daktari wa zahanati amekwama upande wenu. Mimi niliyestaafu mwaka jana nikadhani nimemaliza ndiye mhudumu wa afya pekee huku. Tangu Jumatano nimezalisha wawili. Wa kwanza alijifungulia juu ya dawati la darasa la tatu, hakusumbua. Wa pili, wa Alhamisi, alitoka damu kama bomba limepasuka. Niliingiza mkono nikakandamiza kizazi dakika arobaini kwa saa ya ukutani. Yu hai. Sindano iliyomaliza kazi ilitoka kwenye mzigo wenu, mwambie mwenyekiti wa kamati yenu ya misaada tumeshukuru.

Sasa hoja yangu. Karatasi ya mzigo inataja masanduku matatu ya afya ya wanawake. Namba moja ni vifaa vya kuzalishia, nimelipokea. Namba mbili ni dawa za damu na za mimba zinazoharibika, nimelipokea. Namba tatu silioni. Mahali pake kuna robota la mablanketi ambalo halikuandikwa popote. Wewe ndiye mtunza stoo. Liko wapi?

Salamu kwa shemeji.

Dada yako,
Anyesi


Sakina
Jumapili, 13 Aprili

Shikamoo dada,

Pole sana. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, Lomayani akinisubiri na kikombe cha chai mkononi. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakohoa tu. Leo ni Matawi, tumewaombea, na jina la Mama limetajwa kanisani. Mwambie, najua atapenda.

Sanduku namba tatu nimelitoa mimi. Lipo hapa stoo, juu ya rafu.

Ilikuwa hivi. Mzigo ulikuwa umezidi. Wabebaji walisema kwenye kamba havipiti zaidi ya vipande kumi na viwili, nasi tulikuwa navyo kumi na vitatu pamoja na robota la mablanketi lililoletwa dakika ya mwisho. Nikasoma kila sanduku limeandikwa nini. Lile limeandikwa, kwa herufi kubwa, kwamba ni la kuwatibu waliobakwa. Nikacheka, dada. Nisikufiche. Nikamwonyesha Mzee Philemoni, mwenyekiti, naye akacheka. Akasema, "Hilo ni la kambi za wakimbizi, mwanangu. Akheri ni watu wa ukoo mmoja, nani atambaka nani? Weka mablanketi, watu wana baridi." Nikaona amesema kweli. Pale kila mtu ni shangazi au mjomba wa mtu. Nikaweka mablanketi.

Mablanketi si yamesaidia? Kama unalihitaji kwa vile vidonge vingine vilivyomo, niambie, nitalileta kwenye mzigo wa wiki ijayo.

Mwambie Mama aache chumvi.

Mdogo wako,
Elinipa


Akheri, shuleni
Jumatano, 16 Aprili, saa moja asubuhi

Elinipa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mama ni mzima. Nakwenda moja kwa moja.

Jana Jumanne saa kumi jioni mwanamke mmoja wa hapa kambini amebakwa. Jina lake siliandiki. Ana miaka ishirini na sita. Alikwenda kuokota kuni kwenye shamba la kahawa lililo nyuma ya shule. Kamati ya kambi imechagua walinzi sita wenye fimbo, na kazi ya mmoja wao ni kuwasindikiza wanawake wakienda kuni. Aliyemsindikiza ni Bariki. Aliyembaka ni Bariki.

Meno mawili ya mbele yametoka kwa ngumi. Kiwiko cha kushoto kimeteguka, nimekirudisha. Shingoni kuna alama za vidole vinne upande mmoja na kimoja upande wa pili. Sehemu za siri zimechanika, nimeshona nyuzi tano bila ganzi kwa sababu ganzi iliishia kwa mama wa Alhamisi. Aling'ata kanga yangu. Hakupiga kelele hata mara moja, na mimi ningependa angepiga.

Ndani ya sanduku namba tatu kuna dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI visishike. Lazima aanze kuimeza kabla ya saa sabini na mbili kwisha. Ikipita hapo, haisaidii. Hesabu mwenyewe: ni Ijumaa saa kumi jioni. Kuna na vidonge vya kuzuia mimba, na dawa za kaswende na kisonono. Huku sina hata kimoja.

Utauliza kwa nini nisimvushe aje mjini. Kwa sababu mbili. Ya kwanza, hawezi kushika kamba kwa mkono mmoja. Ya pili, washili wamekaa. Unajua wazee wa koo hawapendi jambo litoke nje kabla hawajalisikia. Wamepanga siku tatu kama kawaida yao: leo upande wa mwanamke, kesho upande wa Bariki, Ijumaa kupatana. Mpaka hapo hakuna wa pande hizo mbili anayeruhusiwa kuvuka korongo. Na waliowekwa kulinda kamba ni kaka zake wawili Bariki.

Jana usiku walipokuwa wakipanga nilikwenda kikaoni. Nikamwambia mshili wao, "Mzee, siku zenu tatu na saa zangu sabini na mbili ni kitu kimoja. Mkimaliza nyinyi, na yeye amekwisha."

Akaniambia, "Nesi, jambo la ukoo halikimbizwi na vidonge. Kaa chini au utoke."

Nikatoka.

Sikulaumu leo. Muda wa kukulaumu sina. Lete sanduku.

Dada yako,
Anyesi


Sakina
Alhamisi, 17 Aprili, saa mbili usiku

Shikamoo dada,

Sijui niulize hali kwa namna gani. Mama yuko salama? Wewe uko salama?

Barua yako ya jana nimeipata leo saa sita mchana, inanuka maziwa. Lomayani anasema wale kaka walimpekua mpaka kwenye soksi, wakamzuia jana nzima. Barua alikuwa ameifunga kwenye nailoni na kuitumbukiza ndani ya dumu. Wakamwambia amimine maziwa yote chini, akamimina nusu huku akiwatukana, wakachoka kumsikiliza.

Nimekimbia stoo. Imefungwa kufuli mbili. Kesho ni Ijumaa Kuu, funguo amekwenda nazo Mzee Philemoni kwao Machame. Nikampigia simu. Nikamwambia kuna mgonjwa Akheri, nahitaji sanduku namba tatu. Akasema, "Mgonjwa gani?" Nikamwambia. Akasema, "Elinipa, haya mambo ukiyaingiza kwenye vitabu vya kamati, tumeharibu jina la watu. Tutaongea Jumanne." Akakata. Nimempigia mara tisa. Hapokei.

Nikaenda hospitali moja ya mjini, kliniki yao ya dawa hizo. Nesi wa zamu anaitwa Shamina. Akanisikiliza vizuri. Akasema dawa anayo, iko pale kabatini, lakini anatakiwa amwone mgonjwa mwenyewe, apimwe kwanza, na aje na PF3 ya polisi. Nikamwambia mgonjwa yuko ng'ambo ya korongo, na huko hakuna polisi wala fomu. Akasema, "Dada, nikitoa bila fomu, kesho mimi ndiye nitakuwa nimesimama mbele ya mganga mkuu." Niliona anasikitika. Kabati hakulifungua.

Nikapita duka la dawa la Mustansir. Akaniambia hizo za virusi hawaziuzi madukani. Amenipa P2 za kuzuia mimba na dawa za kisonono, akaniandikia jinsi ya kuzitumia kwa mwandiko unaosomeka, kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mtu wa dawa.

Basi nikaenda gereji kwa Surjit kuazima msumeno wa chuma.

"Wa nini, dada Elinipa?"

"Nakata kufuli."

"La nani?"

"La kwangu."

"Kufuli la kwako, mbona unaangalia nyuma?" Kisha akaingia ndani, akatoka na mkasi mkubwa wa kukatia nondo. "Msumeno utakesha nao. Chukua huu. Ukikamatwa, umeuokota sokoni Kilombero."

Nimekata kufuli zote mbili saa kumi na moja jioni. Watu wa mabasi walikuwa wanapita na kuniangalia. Hakuna aliyeuliza, nadhani kwa sababu nilikuwa nimevaa kitenge cha kanisani.

Sanduku liko hapa miguuni pangu. Dawa za Mustansir nimeziweka ndani yake. Lomayani analala kwetu leo, anaondoka alfajiri. Amesema saa tatu asubuhi atakuwa kwenye kamba. Hiyo inakuachia saa saba.

Dada, nilicheka. Najua hilo.

Mdogo wako,
Elinipa


Sakina
Jumapili, 20 Aprili

Shikamoo dada,

Mama hajambo? Wewe je?

Sijapata neno lako. Ijumaa nilikaa mlangoni mpaka giza. Jana nilikaa tena. Leo ni Pasaka na sikwenda kanisani. Asubuhi amekuja mke wa Lomayani, ana mimba ya miezi sita, ananiuliza mume wake yuko wapi kwa sababu mimi ndiye niliyemtuma. Anasema watu wa kutoka huko chini waliona watu wanapigana kwenye korongo siku ya Ijumaa, na mwanaume mmoja alikuwa amelala kwenye mawe.

Mzee Philemoni amerudi mapema. Mtu alimpigia kuhusu kufuli. Alikuja hapa na viatu vya kanisani, akasimama uani, hakukaribia kiti. Amesema sanduku lirudi stoo likiwa na lakiri yake kabla ya Jumanne, la sivyo anakwenda polisi. Nikamwambia nenda leo, mzee, usisubiri.

Barua hii nampa mke wa Lomayani. Amekataa kubaki. Amesema atavuka hiyo kamba na tumbo lake.

Niandikie hata mstari mmoja. Alimeza au hakumeza?

Mdogo wako,
Elinipa


Akheri, shuleni
Jumatatu, 21 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo. Anayeandika ni Mama, mimi nasema. Mkono wangu wa kulia umevunjika mahali pawili chini ya kiwiko. Mama anakusalimu na anasema shemeji yako anywe tangawizi. Kuna neno moja alikataa kuliandika, nimelisema mara tatu mpaka akaliandika: kubakwa.

Alimeza. Ijumaa, saa tisa na dakika ishirini na tano alasiri. Hilo nimelianza ili usome mengine ukiwa umekaa.

Lomayani alifika kwenye kamba saa tatu kama alivyosema. Wale kaka walikuwa wameambiwa kuna sanduku linakuja la kutengeneza kesi. Nani aliwaambia sijui, ila nimeambiwa sasa kwamba simu inapatikana ukipanda mpaka mpakani mwa msitu, na mmoja wao alipanda Alhamisi usiku. Walimwacha avuke mpaka katikati, kisha wakaanza kuitingisha kamba. Alishikilia. Alipofika upande wetu wakampiga kwa fimbo za miti ya kahawa, wakamwangusha kwenye mawe. Sikio la kushoto limekatika nusu. Mbavu tatu. Sanduku walilipasua kwa panga na kuanza kumwaga vitu majini.

Mimi niliambiwa saa nne. Nikashuka peke yangu, na hilo lilikuwa kosa. Nilimwambia mkubwa wao, "Hivyo ni vidonge, si askari." Akanipiga mkono na rungu. Nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Nikakaa chini.

Aliyeleta wanawake ni yule mama wa Alhamisi, niliyemzuia damu. Hata kutembea sawasawa alikuwa hawezi. Alikwenda darasa kwa darasa na kusema, "Nesi ameuawa." Haikuwa kweli, lakini sikumkosoa. Walishuka kama arobaini, wana majembe, michi na vijiti vya kukorogea loshoro ya mahindi na maziwa. Unajua huku kwetu wanawake wakienda kwa pamoja namna hiyo mwanaume hainui mkono, maana ni laana kumpiga hata mmoja wao. Mkubwa aliinua mkono. Wamempiga mpaka nikawaambia basi, na baada ya kuwaambia waliendelea kidogo. Fuvu limebonyea juu ya jicho. Mdogo wake alitumbukia korongoni akitoroka, mguu umevunjika, tumemtoa kwa kamba ileile.

Vidonge tulivitafuta kwenye matope tukiwa tumepiga magoti mpaka saa tisa. Vilivyolowa nimevitupa. Chupa moja haikufunguka, ina thelathini. Nyingine ilipasuka shingo, ndani vilibaki kumi na kimoja vikavu. P2 zilikuwa zimefungwa vizuri, mwambie Mustansir. Niliwashona Lomayani na yule mkubwa kwa mkono wa kushoto, mmoja baada ya mwingine, kwa sindano ile ile niliyoichemsha katikati. Sikuwa na nyingine.

Washili walimaliza Ijumaa ileile jioni, kana kwamba hakuna kilichotokea. Uamuzi: mtamba mmoja wa ng'ombe, pombe ya kupatana, na Bariki aondolewe kuwasindikiza wanawake. Wamemhamishia kwenye mlango wa stoo ya unga. Walimtaka mwanamke ampe mkono mbele ya watu. Alimtemea damu usoni. Mume wake alimpiga kibao hapohapo kwa kuaibisha ukoo, kwenye taya lililovimba. Mwanamke nimemhamishia kwenye darasa langu, analala kati yangu na Mama. Mama analala na mchi.

Sasa sikiliza hili vizuri.

Jumamosi asubuhi walikuja wengine watatu, mmoja mmoja. Hawakuja pamoja wala hakuna aliyejua mwenzake amekuja. Kila mmoja alikaa pale pale kwenye benchi na kuuliza kwa sauti ndogo, "Nesi, ile dawa iliyoletwa ya yule, imebaki?" Wa kwanza ni siku ya kumi na moja tangu afanyiwe. Wa pili ni siku ya tano. Wa tatu ni saa kumi na tisa tu zimepita. Wawili walisema ni Bariki. Mmoja alisema ni mtu mwingine, hajanitajia.

Wale wawili wa mwanzo niliwaambia ukweli. Wa siku ya tano alisema, "Jumatano iliyopita nilikuja hapa nikakuta unashona mtu, nikaona nisikusumbue." Jumatano hiyo, hata angenisumbua, kabati langu lilikuwa na mablanketi. Sikumwambia. Nakuambia wewe.

Wa tatu nimemwanzishia. Kila mmoja anatakiwa ameze siku ishirini na nane, na jumla ninavyo arobaini na kimoja. Nimewapa ishirini ishirini. Kimoja nimekifunga kwenye karatasi, kiko mfukoni mwangu, kwa sababu kuni bado zinahitajika na aliyewekwa kuwasindikiza sasa ni rafiki yake Bariki.

Nahitaji vingine, na nahitaji PF3 nne. Mke wa Lomayani alifika akiwa amelowa mpaka kifuani, ndiye anarudi na barua hii. Usimpe mzigo.

Dada yako,
Anyesi


Arusha, kituoni
Jumanne, 22 Aprili

Shikamoo dada, shikamoo Mama,

Poleni na mkono, poleni na yote. Mimi ni mzima. Nimeletwa hapa saa tatu asubuhi na nimepewa kiti.

Barua yenu niliipata njiani kuja kituoni. Nilimwomba askari tupite kliniki, akakubali kwa sababu alidhani naumwa. Nilimpa Shamina aisome. Aliisoma hadi mwisho akiwa amesimama, akairudisha, akaingia ndani. Nikadhani amekwenda kuita mkubwa wake. Saa sita amekuja hapa kituoni amevaa mabuti ya mvua na begi mgongoni. Ana chupa kumi za dawa ile, na ganzi. Amesema fomu atazijaza huko huko kwa mgonjwa, na mganga mkuu amsimamishe akitaka. Surjit amempeleka kwa pikapu ya gereji. Na askari wawili wameambiwa waende Akheri kesho. Sijui kama wataenda. Afande wa zamu amesema ni kesho.

Mzee Philemoni alikuwepo nilipokuwa naandikisha maelezo. Nilieleza makosa mawili. La kwanza, tarehe tisa Aprili nilitoa sanduku namba tatu kwenye mzigo wa Akheri, nikaweka mablanketi. La pili, tarehe kumi na saba nilikata kufuli mbili za stoo. Afande aliandika, akanipa nisome kabla ya kusaini. Lilikuwemo la kufuli tu.

Nikamwambia, "Afande, umeruka moja."

Akasema, "Lipi?"

Nikamtajia tena, na tarehe yake. Akatafuta kwenye kitabu chake, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akamwangalia Mzee Philemoni, kisha akaniangalia mimi.

"Mama," akasema, "hilo lingine halina kifungu cha sheria. Saini hapa."

Mdogo wako,
Elinipa